Samaki wa Beta Anapokataa Chakula au Kukosa Utulivu: Dalili, Visababishi na Hatua za Kuchukua

Malalamiko ya wafugaji wa beta hapa Tanga hayatofautiani sana, awe mfugaji yuko Ngamiani, Makorora au Raskazone: samaki hataki kula, tumbo limevimba, anazungukazunguka pasipo kutulia, mapezi yamechanika. Mara nyingi mwenye samaki huwa amekwisha kubadilisha chakula mara kadhaa kabla ya kuomba ushauri, ilhali chakula ndicho kinachopaswa kushukiwa mwisho. Beta anayegoma kula kwa kawaida analalamikia maji yake au mahali alipowekwa. Mfugaji anayeanza na maji, akaendelea na utulivu wa tangi, kisha akamalizia na chakula, hupata jibu mapema na hupoteza samaki wachache. Chini ya kila dalili hapa, kisababishi kinachotokea zaidi kimetangulizwa.

Beta, ambaye wanasayansi humwita Betta splendens, asili yake ni Thailand, nchi ambayo mwaka 2019 ilimtangaza kuwa mnyama wake wa majini wa taifa. Huko huishi katika maji ya kina kifupi yaliyotuama au yanayokwenda polepole, yenye majani mengi, yakiwemo majaruba ya mpunga, na hula wadudu na viluwiluwi vya mbu. Ana kiungo maalumu karibu na matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, na kwa sababu hiyo watu wengi humweka ndani ya chupa ya mdomo mpana wakidhani hahitaji zaidi. Kiungo hicho humsaidia asikose pumzi, lakini hakimkingi na uchafu wake mwenyewe.

Vipimo vya kwanza, dalili iwe ipi

Pima joto la maji alfajiri na tena saa nane mchana, kwa kuwa kipimo kimoja hakionyeshi mabadiliko ya siku nzima. Joto linalomfaa ni nyuzi 24 hadi 28. Kisha kadiria ujazo wa tangi: lita 10 ni kiwango cha chini kabisa kinachovumilika, na lita 20 hurahisisha kazi yote iliyobaki, kwa sababu maji mengi hubadilika polepole. Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zinatakiwa ziwe sifuri, na nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita.

Maji ya bomba hutiwa klorini, ambayo huunguza matamvua na kuua bakteria wa manufaa wanaosafisha tangi. Tumia dawa ya kuondoa klorini, au acha maji ndani ya ndoo iliyo wazi kwa saa 24; njia hii ya pili hufaa kwa klorini ya kawaida lakini haiondoi kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia. Maji ya kisima yana shauri lake. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa, ambayo ndiyo yaliyochongeka yakawa mapango ya Amboni, kwa hiyo maji ya visima vingi ni magumu na pH yake (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) iko juu, na visima vilivyo karibu na bahari huweza kuwa na chumvi. Beta huzoea pH iliyo juu kidogo ya 7.5 mradi isipandepande na kushuka, lakini mfugaji ajue kwamba amonia ileile huwa na sumu kali zaidi pH ikiwa juu na maji yakiwa na joto. Kwa hiyo tangi la maji ya kisima katika joto la Februari halina nafasi ya uzembe.

Asiye na vipimo vya maji bado anaweza kufanya jaribio moja la kuaminika: aondoe theluthi moja ya maji, ajaze maji yaliyoandaliwa yenye joto lilelile, kisha amwangalie samaki hadi kesho yake. Samaki akichangamka, basi tatizo lilikuwa maji, na hakuna sababu ya kununua dawa wala chakula kipya.

Jambo la mwisho la kuuliza ni kile kilichopuliziwa chumbani. Dawa nyingi za kupulizia mbu zina viambato vya kundi la pairethroidi, ambavyo ni sumu kali mno kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Tangi lifunikwe na kuhamishiwa chumba kingine kabla ya kupulizia, na lisirudishwe hadi chumba kimepitisha hewa vizuri. Chetezo cha udi au ubani nacho kisiwekwe karibu na tangi, kwa kuwa beta huvuta hewa ileile iliyo juu ya maji.

Hataki kula

Kisababishi kinachoongoza ni ugeni. Beta aliyesafirishwa ndani ya mfuko wa plastiki, tuseme kwa basi kutoka Dar es Salaam, anaweza kukataa chakula kwa siku kadhaa, na jambo hilo peke yake si ugonjwa. Mfuko uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha maji ya tangi yaongezwe mfukoni kidogo kidogo, na samaki ahamishwe kwa wavu laini huku maji ya mfuko yakimwagwa nje. Siku hiyo taa izimwe na asipewe chakula. Samaki mzima mwenye afya huvumilia siku kadhaa bila kula. Kinachomdhuru zaidi ni punje alizozikataa zikaachwa zioze chini ya tangi.

Kinachofuata ni baridi. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, usiku wa Tanga hupoa kuliko watu wanavyodhani, na maji ya tangi dogo lisilo na hita huifuata hewa ya chumba. Maji yakishuka chini ya nyuzi 24 mmeng'enyo wa chakula huzorota, na samaki huacha kula kwa sababu mwili wake hauwezi kukishughulikia chakula. Hita ndogo yenye kidhibiti joto humaliza tatizo hilo. Bila hita, tangi liwekwe mbali na dirisha linalopokea upepo, na lifunikwe usiku kwa mfuniko unaoacha nafasi ya hewa. Maji ya moto yasimiminwe tangini kwa hali yoyote.

Maji machafu ndiyo kisababishi cha tatu, hasa katika tangi jipya. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kujengeka, na katika muda huo samaki huishi ndani ya sumu inayotokana na kinyesi chake asipobadilishiwa maji mara kwa mara. Tangi lililokwisha kukomaa hutosheka na robo hadi theluthi moja ya maji kila wiki. Usioshe chujio kwa maji ya bomba. Lisuuze ndani ya maji uliyoyatoa tangini, la sivyo utawaua bakteria haohao unaowategemea.

Kisha ipo shibe, ambayo kwa maoni yangu huhesabiwa mara chache kuliko inavyostahili. Katika nyumba yenye watoto, kila anayepita mbele ya tangi humwona beta akisogea kwenye kioo na kutikisa mkia, akaamini kwamba ana njaa. Beta hufanya hivyo hata dakika tano baada ya kula. Chakula cha siku ni punje 2 hadi 4 asubuhi na kiasi hichohicho jioni kwa samaki mzima, kutegemea ukubwa wa punje, na siku moja kila wiki asipewe kitu. Ateuliwe mtu mmoja wa kulisha, na kopo liwekwe mahali wengine hawalifikii.

Baada ya hayo yote ndipo chakula chenyewe kichunguzwe. Beta ni mla nyama; makombo ya mkate, punje za wali na ugali humshinda kuyeyusha na huchafua maji. Uduvi wa sokoni huonekana kumfaa, lakini mwingi umekaushwa kwa chumvi na usitumiwe. Soma orodha ya viambato ya chakula cha punje: cha kwanza kiwe samaki, kamba au wadudu, wala si ngano. Kisha nusa kopo. Katika unyevu wa pwani mafuta yaliyomo ndani ya chakula huchacha upesi, na samaki hutambua uchachu huo kabla yako. Nunua kopo dogo, lifunge kwa kukaza na ulihifadhi mahali pakavu penye ubaridi.

Viluwiluwi vya mbu humrudishia hamu samaki aliyegoma kuliko karibu kitu kingine chochote, kwa kuwa ndicho chakula chake cha asili. Hata hivyo vichotwe katika maji masafi ya mvua, kamwe si katika mtaro wa maji taka wala mahali palipotiwa dawa, vichujwe kwa kitambaa na kusuuzwa, na apewe vile tu atakavyovimaliza papo hapo. Usiweke ndoo ya kuvizalisha. Kiluwiluwi kisicholiwa hugeuka mbu, na nyumba moja inayozalisha mbu ni hatari ya malaria na dengi kwa mtaa mzima.

Akiendelea kugoma kwa zaidi ya wiki moja ilhali maji, joto na chakula vyote viko sawa, tafuta dalili za ugonjwa zinazoelezwa hapa chini.

Anapokea chakula kisha anakitema

Kwa kawaida punje ni kubwa au ni ngumu. Mtazame kwa karibu: huivuta punje, huitafuna, huitema, huivuta tena, na mara ya tatu huimeza ikiwa imelainika. Hilo si tatizo. Akiitema na kuiacha, vunja punje vipande viwili na uiloweke kwa dakika moja ndani ya maji ya tangi. Akitema kila kitu, hata kiluwiluwi, na mdomo unaonekana kuvimba au kuwa na weupe, huo ni ugonjwa.

Tumbo limevimba, anaelea kiubavu au anashindwa kupanda juu

Kulishwa kupita kiasi na kufunga choo ndivyo visababishi vya visa vingi. Ukaguzi wa kwanza ni kumwangalia kutoka juu: uvimbe uliotuama chini ya tumbo, upande wa mbele, huku magamba yakiwa yamelala vizuri, humaanisha chakula kilichokwama. Acha kumlisha kwa siku 2 hadi 3, hakikisha joto liko kati ya nyuzi 26 na 28, kisha anza tena kwa dafnia (mnyama mdogo sana wa majini wa jamii ya kamba) ikipatikana, kwa kuwa ganda lake husaidia kulainisha choo, au kwa punje moja tu iliyolowekwa. Wapo wanaoshauri njegere iliyochemshwa; mimi siipendekezi, kwa sababu utumbo wa beta haukuumbwa kwa nafaka na mboga, na siku mbili za kufunga hufanya kazi ileile bila kuongeza mzigo.

Kisababishi cha pili ni hitilafu ya kibofu cha hewa, inayoweza kuletwa na uvimbe huohuo wa utumbo ukikibana, au na baridi, au na maambukizi. Samaki huelea bila kutaka, hulala upande mmoja, au hukaa chini na kupanda kwa taabu. Punguza kina cha maji hadi sentimita 12 hivi ili asichoke kuifuata hewa, mwekee jani pana karibu na uso wa maji apumzikie, na zima mkondo wa chujio ukiwa na nguvu. Chumvi ya Epsom hutumiwa kupunguza uvimbe, lakini kipimo chake hutegemea ujazo halisi wa maji na hali ya samaki, kwa hiyo mwulize mtaalamu kabla ya kuitia. Isichanganywe na chumvi ya mezani, ambayo haina kazi hiyo.

Kwa samaki jike, tumbo nene linaweza kuwa mayai tu, na halihitaji tiba.

Acha mara moja majaribio ya nyumbani ukiona magamba yamesimama mwili mzima kama ganda la nanasi. Hiyo ni dalili kwamba maji yamejaa ndani ya mwili kutokana na viungo kushindwa kufanya kazi, mara nyingi figo. Samaki wengi waliofikia hapo hawaponi. Kumfungisha chakula hakutamsaidia, na mtaalamu aitwe siku hiyohiyo.

Anakwenda mbio kando ya kioo na kutanua mashavu

Hapa chunguza taa kabla ya kitu kingine. Usiku, mwanga wa ndani ya tangi ukizidi wa chumbani, kioo hugeuka kuwa kiakisi, na dume la beta humwona adui asiyechoka wala kuondoka. Kutanua mashavu kwa dakika chache ni tabia yake ya kawaida. Kufanya hivyo kwa saa nzima humchosha, humkatisha hamu ya kula na humdhoofisha dhidi ya maradhi. Bandika karatasi isiyong'aa nyuma na pembeni mwa tangi, punguza nguvu ya taa, na uiwashe kwa saa 8 hadi 10 tu kwa siku.

Pili, huenda kuna samaki mwingine. Madume wawili hawakai pamoja, wala matangi yao yasikaribiane kiasi cha kuonana. Wanaowakutanisha kwa makusudi ili wageni watazame wanamtesa samaki kwa starehe ya dakika moja, na majeraha hayo huishia kwenye kuoza kwa mapezi.

Tatu, mahali penyewe pana kelele. Tangi lililowekwa juu ya spika, juu ya friji au karibu na mlango unaobamizwa hutikisika siku nzima. Nne, halina maficho. Mche mmoja wa majani laini, kigae cha udongo kilicholazwa, au chungu kidogo kilichooshwa bila sabuni hutosha kumpa beta mahali pa kujitenga, na mara nyingi utulivu huonekana siku hiyohiyo.

Rangi imefifia, mapezi yamebanwa mwilini

Mfadhaiko wa maji huongoza: amonia, mabadiliko ya ghafla ya joto, au maji yaliyobadilishwa yote kwa mkupuo mmoja. Jike mwenye mfadhaiko mara nyingi huonyesha mistari ya giza inayokwenda kwa urefu wa mwili. Mistari ya wima huashiria kwamba yuko tayari kutaga na haimaanishi shida. Rudia vipimo vya mwanzo, badilisha robo ya maji, na umwache.

Katika hatua hii jani la mti wa mkungu lina faida kubwa. Wafugaji wa Asia hununua majani hayo yaliyokaushwa, na sisi tunayakanyaga, kwa maana mikungu imejaa mjini, hasa upande wa baharini. Okota jani lililodondoka lenyewe, la kahawia, kavu, lisilo na madoa ya ukungu wala kinyesi cha ndege, na lisitoke kando ya barabara yenye magari mengi. Lisuuze, lianike kivulini hadi likatike kwa sauti ukilikunja, kisha litie tangini. Moja la wastani hutosha lita 20. Siku ya kwanza huelea, kisha huzama, na maji hupata rangi ya kahawia hafifu kutokana na tanini, ambayo hushusha pH kidogo na hupunguza mwanga. Litoe baada ya wiki 2 au 3 likianza kusambaratika. Jani hili humtuliza samaki, lakini halitibu ugonjwa uliokwisha kuingia, wala halichukui nafasi ya kubadilisha maji.

Mulika samaki kwa tochi ukiwa pembeni mwa tangi. Vidoa vyeupe vidogo vilivyotengana, au vumbi la njano linalometa mwilini, huonyesha vimelea, na samaki mwenye vimelea kwa kawaida hujikunakuna kwenye mawe. Mtenge, usitumie wavu huohuo kwa samaki wengine, na utafute dawa iliyotengenezwa kwa samaki wa mapambo, ukifuata kipimo cha lebo.

Mapezi yanachanika

Tofautisha mambo matatu. Tundu au mpasuko mmoja ulionyooka hutokana na pambo lenye ncha. Pitisha soksi nyembamba juu ya kila pambo, na panaponasa ndipo palipo na kosa. Kipande kilichokatika ghafla, chenye umbo la nusu duara, huwa amejing'ata mwenyewe kwa mfadhaiko au kwa uzito wa mapezi marefu. Ukingo unaosogea ndani siku hadi siku, wenye weusi au wekundu, ni kuoza kwa mapezi, na chanzo chake karibu kila mara ni maji. Kwa hali zote tatu, maji masafi yaliyobadilishwa kidogo kila baada ya siku 2 hurudisha pezi jipya, ambalo huanza likiwa angavu lisilo na rangi. Wafugaji wengi huliona wakadhani ni ukungu.

Ukingo ukifika kwenye mwili wenyewe, simama. Usifungue vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake tangini, jambo linalofanyika mno. Antibayotiki ya binadamu isiyopimwa huua bakteria wa tangi, hupandisha amonia, na huzalisha vijidudu sugu.

Anahema juu ya maji

Kupanda kuvuta hewa mara kwa mara ni maumbile yake. Shida ni pale anapoganda juu na matamvua yakichezacheza haraka. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto ndilo la kushukiwa kwanza: maji yanayopita nyuzi 30 hubeba oksijeni kidogo. Ondoa tangi juani, elekeza feni ipulize juu ya maji, na badilisha kiasi kidogo kwa maji yenye ubaridi wa wastani. Joto lisishuke kwa zaidi ya nyuzi 2 kwa mara moja, na barafu isitiwe. Joto likiwa sawa, shuku amonia, kisha dawa iliyopuliziwa. Katika hali hii ya mwisho badilisha nusu ya maji bila kungoja.

Wakati wa kumwita mtaalamu

Mwite daktari wa mifugo, au umwombe afisa uvuvi wa wilaya akuelekeze kwa mwenye ujuzi wa samaki, ukiona magamba yaliyosimama, jicho lililotokeza nje, kidonda kilichowazi, uozo uliofika mwilini, au samaki zaidi ya mmoja wakifa katika siku chache. Usitie dawa nyingine kabla hajafika, kwa sababu dawa mbili zilizochanganywa humficha chanzo.

Mwandalie maji ya tangi katika chupa safi iliyojazwa pomoni na kufungwa, kopo la chakula, majina ya kila dawa iliyotumika, joto la asubuhi na la mchana, tarehe ya mwisho ya kubadilisha maji, na video fupi ya samaki akiogelea. Samaki aliyekufa awekwe ndani ya mfuko juu ya barafu bila kugandishwa na apelekwe siku hiyohiyo. Asitupwe mtoni, na maji ya tangi lenye ugonjwa yamwagwe nchi kavu, mbali na mto Zigi na vijito vyake.